Funza Wasiokula Sufi

Funza wa kwanza mke wangu alimkuta juu ya shuka yetu, alipokuwa akitandika kitanda. Wengine wawili walikuwa sakafuni. Hakutaka kujua ni funza gani. Alitaka kujua wametoka kwa nani, na jibu alikuwa nalo tayari. Wiki tatu kabla, dada yangu mkubwa, mjane, alikuwa amehamia kwetu Kampemba kutoka Kasungami, baada ya mvua kuangusha ukuta wa nyumba yake. Alikuja na godoro la zamani la sufi.

"Yaya, kumbe haukukuya peke yako," mke wangu alimwambia dada mezani, akicheka. Yaya kwetu ni dada mkubwa; alitaka kusema amekuja na funza.

Kesho yake godoro lilitolewa nje, likawekwa uani, na dada akalala mkekani sebuleni. Akaanza kusema kwamba atarudi kwake, ukuta uwepo usiwepo.

Mimi pia nilimshuku. Jumapili, alipokwenda misa, nilifumua mshono wa godoro, nikachambua sufi juu ya gazeti. Sikupata hata ganda la mdudu. Nikashona tena kwa uzi wa rangi ileile.

Ndipo nikamtazama funza mwenyewe kwa lenzi. Urefu sentimita moja, rangi ya kahawia, nywele ngumu mwili mzima, na mkiani miiba miwili midogo iliyopinda. Kitabu cha wadudu nilichonunua mjini, kimeshatumika, kina mchoro wake: ni mtoto wa mbawakawa anayekula samaki mkavu, ngozi, mizoga iliyokauka. Sikukiamini kitabu peke yake. Kwa kuwa walizidi kuonekana chumbani, niliweka funza watano katika chupa yenye sufi ya godoro lile, na watano katika chupa yenye kipande cha samaki mkavu. Baada ya siku nne sufi haikuwa imeguswa. Samaki alikuwa na matundu.

Basi chumbani mwetu kulikuwa na kitu kikavu cha namna hiyo. Nilimuuliza mke wangu. Aliendelea kukunja kitenge. Nikavuta masanduku chini ya kitanda. Nyuma ya la mwisho palikuwa na mfuko wa vinkubala, wale viwavi wakavu tunaokula na bukari, ugali wetu. Robo yake ilikuwa imegeuka vumbi lenye funza. Mke wangu aliununua wiki ile dada alipofika, akauficha, na sisi hatukuwa tumeonja hata kimoja.

"Usimwambie Yaya ulibikuta wapi," mke wangu alisema.

Uani dada alikuwa akifunga godoro kwa kamba. Nilimwambia funza hawakutoka kwake, nikamwonyesha chupa zote mbili. Akaigeuza ile ya samaki.

"Sasa bidudu bilikuwa nakula nini?" aliuliza.

Nikasema vinkubala. Akauliza kama ni vya jikoni. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema vya chumbani, chini ya kitanda.

Dada akamgeukia mke wangu, kisha godoro. Alifungua kamba, akarudisha godoro ndani mwenyewe. Alibaki. Lakini sasa, tukikaa kula, husubiri sisi tupakue kwanza, kisha huchukua bukari na sombe ya majani ya muhogo tu. Mke wangu humsogezea nyama. Yeye husema ameshiba.