Taa ya Upande wa Baharini

Nimwambie baba aizime taa, au ninyamaze? Swali hilo liliniganda wiki nzima, usingizi ukanikimbia. Baba aliitundika taa yenyewe kwenye ukuta unaotazama bahari nilipopata kazi Malindi, ili nikirudi Ngomeni jioni nisipite gizani ufuoni. Aliinunua bila kuombwa. Kisha asubuhi moja nikaona mchangani alama za watoto wa kasa. Hazikuelekea majini, zilikuja kwetu. Mmoja nilimkuta jikoni nyuma ya karai, amejaa vumbi, bado anapiga mapezi. Nilimpeleka majini mwenyewe.

Enzi zetu, maana hata sisi wa juzi tuna enzi zetu, nyumba hii haikuwa na umeme. Nyanya, mamake baba, akisikia kasa ametaga karibu, alitundika leso zake kwenye dirisha la baharini mpaka mayai yaanguliwe. Taa ya chemli ilihamia uani, nasi tukala wali wa nazi hukohuko, mbu wakitufaidi. Tukinung'unika alisema, "Mtoto wa kasa hana mama wa kumshika mkono. Afuata palipo na mwanga. Msimdanganye."

Nilimhurumia kasa, nikamhusudu mjusi. Likizo tulienda bara kwa mjomba, kando ya msitu, na huko walikuwako wa kila namna: guruguru aliyetoa kichwa tu shimoni aote jua, kenge aliyepita juu ya majani makavu kwa kishindo utadhani mtu mzima, na kinyonga, ambaye nikimwona nilitimua mbio. Binamu yangu Kadzo alikuwa akinicheka: "We! Kasa mkubwa kama meza humwogopi, waogopa kidudu kisichojua hata kukimbia!" Mijusi wale walizaliwa msituni na kubaki msituni. Kasa huenda mbali asikojua mtu, kisha akikua hurudi kutaga pwani aliyozaliwa. Watoto wa siku hizi wakimwona humulika tochi za simu wapate picha, halafu washangae mbona amepotea njia.

Jana asubuhi nikajikaza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso huo, umefukuzwa kazi?"

"Ni taa, baba. Watoto wa kasa wanaifuata mpaka jikoni."

Aliigeukia taa ukutani. "Niliiweka kwa ajili yako."

"Najua. Ndiyo maana wiki nzima nimeshindwa kusema."

"Wiki nzima!" Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Nyanyako angeshaing'oa, na masikio yangu pamoja nayo."

Nikapanda kigoda, baba akakishikilia, nikaifungua balbu. Kisha nikatoa leso ya nyanya sandukuni, imepauka na bado inanuka udi, nikaitundika dirishani.

Jioni nilirudi kwa njia ileile ya ufuoni. Giza lilikuwa kama la utotoni, ila zamani lilijaa vicheko vya binamu na sauti ya nyanya ikituita tukale. Sasa lilikuwa kimya. Nikaongeza hatua, nikijiuliza kama sikukosea kuifungua balbu. Ndipo nikasikia mtu akikohoa karibu na nyumba. Baba alikuwa ameketi nje gizani, akikohoa mara kwa mara ili nijue alipo.

Nikaifuata sauti mpaka nyumbani.