Polisi jeshi aliyemvua mkanda shemeji yake

Lango la soko kuu ndiyo kwanza linafunguliwa, na tayari mikokoteni inagombea njia. Katikati ya vurugu hiyo amesimama mwanamke mwenye kofia nyekundu na buti zinazong'aa. Hapigi kelele. Anainua kiganja tu, mkokoteni wa vitunguu unasimama, na bibi mwenye ndoo kichwani anapita taratibu.

"Shikamoo, Mama Mkanda," anasema mbebaji aliyeinama chini ya gunia.

"Marahaba. Punguza mzigo, mwanangu. Shingo hiyo huna ya akiba."

Ni koplo wa polisi jeshi, wale askari ambao kazi yao ni kuwasimamia askari wenzao. Pembeni yake yupo konstebo wa polisi wa kawaida, kijana mrefu asiyejua kukaa kimya. Wamegawana kazi: aliyevaa magwanda ni wa koplo, asiyevaa ni wa konstebo. Koplo hana ruhusa ya kumkamata raia; akimwona mwizi anaweza kumzuia tu mpaka mwenzake afike.

Kilichomleta hapa ni ujirani. Kambi ya jeshi imepakana na soko. Kwa miaka mingi askari akikosana na muuzaji, polisi waligeuza macho pembeni, maana ukimgusa mmoja leo, kesho wanakuja kumi. Wafanyabiashara wakachoka kuonewa, wakafunga vibanda na kugoma. Ndipo wakubwa wa pande zote mbili walipokubaliana kuleta polisi jeshi sokoni.

Mwanzo haukuwa mtamu. Wiki ya kwanza moshi ulifuka kwenye kibanda cha kukaangia viazi, watu wakaanza kusukumana. Koplo akafanya alichozoea kambini: akavuta pumzi na kunguruma, "Nyuma geuka!" Watu wakageuka kweli. Aligeuka pia mbebaji mwenye gunia begani, gunia likafagia meza nzima ya nyanya.

"Alipiga magoti na magwanda yake, akaokota nyanya moja moja," anasema konstebo, akicheka mpaka anajishika mbavu. "Nikamwambia, Koplo, huku watu hawaamrishwi, wanabembelezwa."

Koplo naye anacheka. "Kambini nikisema neno, watu mia wanageuka. Hapa nikisema neno, watu mia wananiuliza kwa nini. Zamani lilinichefua. Sasa hivi ndilo ninalolipenda."

Lakini jina la Mama Mkanda halikutokana na nyanya. Lilitokana na siku ambayo bado ikitajwa anashusha sauti.

Mume wake, fundi umeme, ana mdogo wake ambaye ni askari katika kambi hiyohiyo. Soko zima lilimjua kijana huyo, kwa kuwa alizoea kupita kumsalimia shemeji yake na kumtania. Siku moja alichukua viatu kwa mzee anayeuza mitumba karibu na choo cha soko, akamtupia pesa isiyofika hata nusu ya bei. Mzee akakishika kiatu kimoja, hataki kukiachia. Kijana akamzaba kofi, miwani ya mzee ikaruka matopeni.

Koplo alifika akikimbia, konstebo nyuma yake. Kijana alipomwona, uso ukamng'aa.

"Afadhali umekuja, shem. Mwambie huyu mzee aniachie."

 Konstebo, kwa nia njema, akamnong'oneza koplo kwamba jambo hili lingeweza kumalizwa kifamilia, na kwamba yeye mwenyewe hakuona kitu.  Koplo alikuwa anamtazama mzee, aliyeokota miwani yake na kuifuta kwa shati bila hata kuinua kichwa.

"Hakunitazama," anasema koplo. "Alishajua mimi ni shemeji wa nani, basi akajua pia nitafanya nini. Hilo liliniuma kuliko kofi lenyewe."

Askari akikamatwa huvuliwa kofia na mkanda. Koplo akanyoosha mkono.

"Vua mkanda."

"Shem, unanitania."

"Nyumbani mimi ni shemeji yako. Hapa ni koplo. Vua mkanda, vua na kofia."

Kijana akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akavua. Na kwa kuwa alipenda suruali pana, alilivuka soko zima akiwa ameishikilia kiunoni kwa mkono mmoja, koplo hatua moja nyuma yake. Hakuna aliyecheka mpaka walipotoka langoni.

Kamanda alimweka kizuizini wiki mbili na kumwamuru amlipe mzee viatu na miwani. Sokoni koplo akawa shujaa. Nyumbani mambo yakawa mengine.

Mume wake alimuuliza swali moja tu, kama kweli mdogo wake alimpiga mzee. Aliposikia ni kweli, akasema basi, akaendelea kula. Lakini mama mkwe alizira. Bibi huyo, aliyekuwa akija kila Jumapili kuwasuka wajukuu zake, akakata mguu. Wifi mtu akapiga simu kwa ukoo mzima kuuliza ni mkwe gani anayemfunga mtoto wa nyumba. Miezi ikapita. Watoto wakauliza bibi yuko wapi, na koplo, asiyeogopa kikosi kizima cha walevi, akabadilisha mazungumzo.

"Nilikuwa tayari kupoteza cheo," anasema. "Kumpoteza mama sikuwa tayari. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo. Huyu ndiye aliyenipokea."

Aliyefungua njia ni yule kijana mwenyewe. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba alibishana bei tu na muuzaji. Siku moja, akimtazama anavyohangaika kutunga uzi kwenye sindano, akashindwa kuendelea kuficha.

"Nilimwambia, mama, yule niliyempiga ni mzee wa rika lako," anasema kijana, ambaye siku hizi hupita sokoni akimwamkia kila mwenye mvi. " Aliweka sindano chini, akalala bila kula."

Jumapili iliyofuata bibi aligonga mlango. Alimwambia koplo kwamba amekuja kuwaona wajukuu, hakuja kwake.

"Nikasema sawa, mama, karibu. Akakaa mpaka jioni. Akala sahani mbili," anasema koplo, na tabasamu linamshinda. "Wakati wa kuondoka akaniuliza, yule mzee wa viatu bado yupo? Anataka kwenda kumwomba radhi kwa kinywa chake, kama mzazi."

Wamepanga kwenda Jumamosi hii, siku ambayo koplo hana zamu. Ameshamwambia mzee, na mzee amejibu kwamba atatafuta kiti kizuri cha mgeni wake.

"Nitavaa gauni," anasema koplo. "Atanishika mkono, maana njia ya kule ina matope. Watu wa soko wamezoea kuniona nikimtoa mtu hapa. Safari hii nataka wanione nikimleta mtu, na nikimtambulisha: huyu ni mama yangu."