Shingo ya Minza

Siku yangu ya kwanza kazini hospitali ya Bariadi, Muuguzi Mkuu aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema darasa la nne. Akanipa ndoo na dekio. "Basi hapa utasoma wagonjwa, Kabula." Nimewasoma mpaka nimestaafu, na majina yao ninayo yote.

Leo nawaambia habari za Minza, muuza samaki wa Lamadi. Alikuwa na saratani ya koo. Akapigwa mionzi Mwanza, akapata nafuu, akarudi kwenye meza yake ya samaki. Baadaye sauti ikaanza kukwaruza tena. Uvimbe umerudi palepale.

Daktari Bingwa alimweleza, mimi nikitafsiri Kisukuma. Mionzi haitafaa tena. Njia iliyobaki ni kukitoa kisanduku cha sauti chote, apumulie tundu la shingoni. Na kidonda kitachelewa kufunga, maana nyama ilishachomwa na mionzi.

"Nitauzaje samaki bila mdomo?" Minza akauliza.

"Mama, mdomo nakuachia. Nachukua kisanduku tu."

Minza akacheka, akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali upasuaji.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya sita wakaja wanakwaya wenzake. Wifi yake, Nkamba, akaona aibu watu kuliona lile tundu, akamfunga kitenge shingoni. Wakaanza kuimba. Mimi nadeki, nikaona mguu wa Minza unapiga kitanda. Wao wanadhani anafuata wimbo. Nikatupa dekio, nikakivuta kitenge. Midomo ilishabadilika rangi. Muuguzi wa zamu akamnyonya makohozi kwa mashine, pumzi ikarudi.

"Nilikuwa namsitiri," Nkamba akasema, analia.

"Pua ya wifi yako sasa iko hapa. Wewe yako unaivalisha kitenge?" nikamwambia, nikimwonyesha tundu.

Muuguzi Mkuu akatangaza wodi nzima: "Kuanzia leo shingo hii ni ya Kabula. Anayetaka kuifunika akamwombe yeye." Nikamfundisha Nkamba kuning'iniza kitambaa chepesi chenye unyevu, hewa ipite, vumbi lisiingie.

Nyie wahudumu vijana, mkideki msiangalie sakafu tu.

Siku ninaagwa kustaafu, Minza akaja na sato wawili, kitambaa cheupe shingoni. Nilijua anajifunza kumeza hewa na kuirudisha iwe sauti, lakini miezi yote akija kliniki alinijibu kwa kupiga makofi. Nikamsalimia, "Mwadila, Minza," nikasubiri makofi.

Akameza hewa. Ikatoka sauti nzito, ya kukoroma, ikiniita mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Dekio sasa liache."

Mdomo aliachiwa kweli.