Vijiti Chumbani kwa Mpangaji Wangu

Mpangaji wangu alikuwa mwanafunzi kutoka Kenya, msichana mpole, na upole wake ndio ulionitia wasiwasi kwanza. Ninaishi ghorofani mtaa wa Albert Park, vyumba viwili: kimoja nalala mimi, kingine nilimpa yeye. Mchana kutwa niko saluni nasuka nywele, sikujua anashinda akifanya nini. Nilichojua ni kwamba mlango wake ulikuwa na kufuli alilolinunua mwenyewe, na hata akienda kuoga alilifunga.

Halafu majani. Alikuwa akirudi na mfuko wa majani ya miba, aliyoyachuma Queensburgh, nje ya mji, kwa rafiki yake mwenye bustani. Nilimwuliza kama ni dawa, akajibu ni ya masomo. Kwetu Bukavu nimeona watu wakisoma mengi, lakini si miba, tena kwa kujifungia.

Asubuhi moja nikakuta mguu kwenye sinki. Mwembamba kama unywele wa rasta, una viungo, na mwishoni kucha mbili ndogo. Niliuokota kwa karatasi, nikautupa, nikanawa mikono kwa sabuni ya kufulia. Dada mmoja wa kanisani kwetu niliyemsimulia hakusita. Alisema mtu hafungi mlango bure, nimtoe huyo kabla hajanionyesha uchawi wake.

Jumapili baada ya ibada nikasimama mlangoni kwake.

“Binti, humu ndani iko nini?”

Alinitazama, kisha akauliza, “Anti, ukiwaona, utawaua?”

Kuwaua. Nikafikiria watoto, nikafikiria watu. Nikamwambia afungue.

Ndani kulikuwa na sanduku la kioo lililofunikwa chandarua, limejaa majani yale na vijiti vikavu. Nikatafuta kiumbe, sikukiona. Ndipo kijiti kimoja kikapiga hatua.

Walikuwa wadudu. Akamweka mmoja mezani, akanieleza anachosoma: jinsi mdudu anavyoiongoza miguu yake. Alisema kichwa hakishughuliki na kila mguu. Kichwa kinasema twende, simama, geuka. Kazi ya kunyanyua na kukanyaga iko kifuani, kwenye mafundo madogo ya mishipa ya fahamu, na kila mguu una sehemu yake. Miguu hupashana habari. Wa nyuma ukiwa hewani, wa mbele yake hungoja. Uliobeba uzito haunyanyuki mpaka upunguziwe.

Nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza mteja anayeniambia bei ya saluni nyingine.

“Na ule wa kwenye sinki, nani aliukata?”

Akasema hakuukata mtu. Mdudu akijivua gamba vibaya, mguu hunasa na kukatika. Huenda alikuwa ameuangusha akiosha sanduku. Akamtoa mwenye miguu mitano. Nikainama kumtazama. Alisita, akapapasa pale palipokosa mguu, kisha mingine ikabadili zamu na akaenda zake mpaka ukingoni mwa meza. Sikuona kidonda kibichi wala damu. Hata hivyo nilimwuliza kwa nini afunge mlango kama hana la kuficha.

Hapo sauti yake ikashuka. Alikokuwa amepanga kabla ya kwangu, mwenye nyumba aliingia chumbani yeye hayupo, akawamwagia wadudu wote maji ya moto. “Na wewe, Anti,” akasema, “ulikuwa unausukuma mlango wangu. Nilikuwa nakusikia.”

Ni kweli nilikuwa nausukuma. Nikamwambia hapa hakuna wa kuwaua. Hakuniamini siku ile, na mimi sikumwamini yote. Kufuli lilikaa majuma kadhaa kabla hajalitoa.

Yule dada wa kanisani alikuja kunywa chai, akauliza kama nimeshamfukuza. Nikamweleza habari ya wadudu na miguu inayoelewana. Akaniuliza ni nani anawapa wadudu majani msichana akiwa chuoni. Nikasema mimi, mara nyingine. Alikitua kikombe, akanitazama usoni muda mrefu, kisha akakumbuka kwamba ana safari. Chai aliiacha.