Doa la Piko Kisiginoni mwa Mama

Mimi si mtu wa kusubiri. Chai ikichelewa kuchemka naifunua sufuria kila dakika, na mama alizoea kunicheka kwamba nilizaliwa kabla mkunga hajaketi. Sasa nifikirie mwishoni mwa miaka ya themanini, nikisubiri hina itoke mguuni mwake.

Dada yangu alikuwa ameolewa Muhoroni. Asili ya baba ilikuwa pwani, mama alikuwa wa ziwani, na harusi za nyumbani kwetu Kisumu zilichanganya huku na huku. Shangazi alitoka Mombasa na hina pamoja na piko, ile rangi nyeusi, akamremba mama nyayo mpaka visigino. Baada ya wiki chache wekundu uliisha. Weusi nao uliisha, isipokuwa mahali pamoja kwenye kisigino cha kushoto.

“Hii ni piko tu,” mama alisema. “Imeingia ndani. Itatoka.”

Akawa anaisugua kwa jiwe kila akioga. Haikutoka. Nami nikawa natoka kwangu Migosi karibu kila siku, nikijifanya nimemletea mboga, ili niutazame ule mguu. Doa lilikuwa linapanuka. Siku moja nilikuta damu kwenye kandambili yake, nikamgombeza kama mtoto. Alinijibu kwamba alikuwa na miguu hiyo kabla hajawa na mimi.

Kilichomtia yeye wasiwasi kilikuwa kingine: uvimbe begani, mkubwa kama limau, aliokuwa nao tangu nikiwa shuleni. Nikamwambia twende hospitali tukaonyeshe bega. Kwa ajili ya bega alikubali.

Daktari aliubonyeza ule uvimbe, ukateleza chini ya kidole chake, laini, bila maumivu. Akasema ni mafuta tu, anaweza kukaa nao. Mama akafurahi, akaanza kujifunga leso yake tuondoke. Nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, avue kiatu.

Daktari alikigeuza kisigino kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akatueleza kwamba doa lisilo na madhara kwa kawaida huwa na rangi moja na ukingo laini, tena hutulia. Hili lilikuwa jeusi hapa, kahawia pale, ukingo umeparaganyika, na lilikuwa linakua. Huenda lilikuwepo hata kabla ya harusi, piko ikalificha. Akampapasa kinena kutafuta tezi zilizovimba, asizipate. Akamchoma sindano ya ganzi, akakata kipande kipelekwe maabara Nairobi, maana kwa macho tu asingeweza kuwa na hakika.

Kungoja majibu kulinimaliza. Niliunguza ugali, niligombana na mume wangu kwa sababu ya redio, nilikwenda hospitali kabla ya siku tuliyopewa mpaka karani akawa anatikisa kichwa akiniona getini. Niliogopa sana. Kila nikifumba macho nilimwona mama amefungwa sanda, na nikamchukia shangazi bure.

Ilikuwa saratani ya ngozi. Walilikata lile doa pamoja na nyama iliyolizunguka, wakaziba kwa ngozi ya pajani. Mama alitembelea magongo kwa miezi, akilalamikia kila kitu isipokuwa maumivu. Tuliambiwa tuwe tunakagua nyayo, viganja na chini ya kucha, na kinena pia. Mimi nikazidisha, nikawa nakodolea macho hata miguu ya wageni waliovua viatu mlangoni.

Miaka ya tisini kaka yangu naye akaoa. Shangazi alikuja tena na bakuli lake. Mama alimpa mikono, akarembwa huku akitaniana na wenzake, na mimi nikashindwa kukaa. Shangazi alipouvuta mguu wake, mama aliurudisha taratibu.

“Miguu wacha,” alimwambia. “Hiyo nataka niwe naiona.”