Mvua ya Siku Aliyozikwa Kristofa

Watu wa kijiji cha Amani hawakuacha kumtania Dorkasi na daftari lake. "Mungu amekuajiri umpimie mvua yake?" Naye hucheka tu. Kila siku saa tatu kamili asubuhi, iwe Jumapili au Krismasi, aliyamimina maji ya kipima mvua kwenye bomba la kioo, akasoma milimita, akaandika. Miaka kumi na mmoja, hakuruka hata siku moja. Mtafiti wa Kijapani, Bi Hayashi, alipoyapekua madaftari yale machozi yalimlengalenga. Akamwandikia jaladani neno la kwao, *renjitsu*, akamweleza kuwa ni jambo linaloendelea siku baada ya siku, mfululizo. Dorkasi alilipenda kuliko cheti chochote. Nami nasema alilistahili. Wengine wetu hata dawa ya siku tano hutushinda kumaliza.

Mwezi wa nne mumewe, Kristofa, alifariki ghafla. Walimzika mchana kwenye mvua, na mvua ikaendelea hadi alfajiri. Asubuhi Dorkasi alikuwa mkekani katikati ya wanawake, na katika ukoo ule, baada ya maziko mjane hatoki nje mpaka matanga yaanuliwe. Saa mbili na nusu ikapita. Maji ya jana yakichanganyika na ya leo, siku zote mbili zimepotea.

Sefania, mdogo wa marehemu, alimwonea huruma, akamnong'oneza: "Shemeji, andika ishirini tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," akasema Dorkasi, akaangua kilio upya.

Mama mkwe wake, Bibi Loyce, ndiye aliyeshika mila za ukoo mzima, na hakuna aliyewahi kumpinda. Akauliza kuna nini, akaelezwa. Wanawake wakainamisha vichwa wakisubiri karipio. Bibi akainuka polepole, akajitanda khanga, nyingine akamtanda Dorkasi.

"Mjane hatoki peke yake," akasema. "Sijasikia ikisemwa hatoki na mama mkwe wake."

Wakashuka wawili kwenye tope, wameshikana mikono, hadi kwenye kipima mvua. Dorkasi akamimina. Halikumwagika hata tone.

"Sitini na mbili, mama."

"Ndiyo mvua aliyozikwa nayo mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

Bibi Loyce akampokea lile bomba.

"Basi iandike. Siku yake isibaki tupu."