Jiwe la Bibi

Juzi niliona ndoo zimepangwa foleni bombani shuleni, wenyewe wanapiga soga kivulini, nikacheka peke yangu kama chizi.

Nilikumbuka alasiri moja kwenye duka la ushirika la kijiji chetu, Vihingo, kabla sijaanza shule. Mafenesi ya shamba la kijiji yalikuwa yameletwa, yananukia mpaka tumbo lilinguruma. Kila mtu aliweka jiwe lake kwenye mstari limshikie nafasi, akaenda kupumzika. Bibi aliweka dogo kama yai. Mimi nilidhani jiwe kubwa ndilo hupewa fenesi kubwa! Nikalitupa lake kichakani, nikaviringisha jingine kubwa hadi pale, jasho likinitiririka.

Zamu yetu ilipofika, lilikuwa limebaki fenesi moja. Muuzaji akashangaa. “Jiwe hili la nani? Hapa palikuwa na jiwe la Bibi Mwanaidi.”

“Amepitwa huyo!” mama mmoja nyuma yetu akadakia.

Bibi akaitazama mikono yangu yenye vumbi, akamgeukia muuzaji. “Ni lilelile, mwanangu. Kwa foleni hii, hata jiwe limepata muda wa kukua.”

Watu wakaangua kicheko, muuzaji akampa fenesi.

Sikujua kwamba tuliokolewa na ulimi wake. Kesho yake asubuhi nilianza kutafuta jiwe kubwa zaidi.